Labu ya CCIE: unakagua kila kazi papo hapo, au unabakiza muda wa mwisho?

paketi_tz: Wakuu habari za jioni. Naingia labu ya CCIE Enterprise, mtihani wa vitendo wa Cisco kwa wataalamu wa mitandao, mwezi ujao, ile ya masaa 8, matatu ya dizaini halafu matano ya kuweka konfigi na kutatua matatizo. Mambo nayajua, kinachoniangusha ni makosa ya haraka haraka. Jana kwenye mazoezi nimeambiwa niongeze VLAN 30 (mtandao mdogo ndani ya swichi) kwenye tranki, ile laini inayobeba VLAN nyingi kwa pamoja, nikaandika switchport trunk allowed vlan 30 bila neno add, VLAN zote za mwanzo zikaondoka kwenye tranki na mimi nikasonga mbele, nimekuja kushtuka dakika 40 baadaye OSPF (itifaki ya rauta kupeana njia) haipo na sijui nianzie wapi. Pepa ni hela nyingi jamani. Sasa nikague kila kazi nikiimaliza, au nikimbize zote halafu nibakize saa nzima ya kukagua?

dada_subnet: Papo hapo kaka. Kosa la sasa hivi unajua liko wapi maana ndo kwanza umetoka kuandika, la masaa mawili nyuma utalitafuta kwenye vifaa vyote. Ila kukagua sio kusoma show run, yaani konfigi yote ulivyoiandika, pale jicho linaona ulichokusudia, sio ulichoandika. Mimi nikimaliza tranki napiga show interfaces trunk, nahesabu VLAN moja moja kwa kidole, halafu nahamia kwenye mashine ya mteja napiga ping kutokea kule, nione kama upande wa pili unajibu.

rauta_ya_pwani: Papo hapo ni sawa lakini peke yake haitoshi, kazi ya 9 inaweza kuvunja kazi ya 2. Niliweka ACL, orodha ya trafiki inayoruhusiwa na inayozuiwa, kwenye intafesi, nikaruhusu trafiki ya wavuti tu, nikasahau mwishoni mwake kuna deny ambayo haionekani. Ikawa inazuia hello za OSPF, zile salamu ambazo rauta zinatumiana. Nikakagua saa ileile, jirani (rauta ya upande wa pili) yuko FULL, yaani ameunganika kikamilifu, nikaona poa nikaenda zangu. Kumbe zile sekunde 40 za kusubiri hello kabla jirani hajahesabiwa amepotea zilikuwa hazijaisha! Tangu hapo nabakiza dakika 30 za mwisho nazunguka vifaa vyote upya, na sigusi konfigi mpya ndani ya muda huo hata kama kuna kazi ya maksi 2 imebaki.

mwana_swichi: Kwa wale wa CCNA, mtihani wa Cisco wa ngazi ya chini, hilo la kubakiza muda wa mwisho hamna kabisa, ni dakika 120 na ukishabonyeza kwenda swali linalofuata hurudi. Hata kwa CCIE yale masaa ya dizaini hayarudi nyuma. Kwahiyo kabla hujabonyeza, soma swali tena kama ndo unaliona mara ya kwanza, wakisema sevu, sevu, copy run start.

kebo_nairobi: Na notipadi je? Mi naandika huko kwanza ndo napesti, rauta sita zenye konfigi ya kufanana unamaliza chap. Lakini siku moja nilikopi key-string (neno la siri la rauta) na nafasi tupu mwishoni, ujirani wa EIGRP, itifaki nyingine ya kupeana njia, ukakataa kupanda, nikashinda hapo karibu nusu saa neno lenyewe nikiliona liko sawa kabisa. Show key chain ndo ilinionyesha, inaliweka ndani ya alama za kunukuu, nafasi ikaonekana. So konfigi ndefu notipadi, ila nywila na funguo naandika kwa mkono.

paketi_tz: Asanteni sana, mmenisaidia kweli. Basi nachukua njia ya dada, naongeza dakika 30 za rauta_ya_pwani. Nitachora jedwali kwenye karatasi, namba ya kazi na maksi zake, nikimaliza naweka tiki.

dada_subnet: Weka kolamu mbili za tiki kaka. Ya kwanza umeandika, ya pili mteja amepata. Maksi hesabu za kolamu ya pili tu, na ukigusa kifaa cha kazi ya zamani, ifute tiki yake mpaka upige ping tena.