Unga, tui, maharage, bizari: unasomaje pakiti ukiwa nchi ya mbali?

Mwiko_Mrefu:

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo wa kununua vyakula tulivyovizoea katika nchi ambayo maduka yana lugha nyingine na majina mengine. Kupika si tatizo, tatizo liko dukani.

Unga wa mahindi ukiingia kwenye maji ya moto unageuka gundi inayong'aa. Tui la kopo linachemka nusu saa na halitoi mafuta. Maharage yanakaa jikoni saa tatu na bado yana kiini kigumu. Bizari nyembamba kila ikinunuliwa ina harufu ya kitu kingine. Nisome nini kwenye pakiti, niulize kwa jina gani, na kipi kinastahili kubebwa kwenye begi? Vipimo tafadhali, si maelezo ya juu juu.

Chekecheke:

Mkuu, huo si unga wa mahindi, ni wanga wa mahindi. Uingereza na Australia pakiti iliyoandikwa "cornflour" ni wanga mtupu, ule wa kufanya mchuzi uwe mzito. Marekani "corn flour" ni mahindi yaliyosagwa laini, na wanga wanauita "cornstarch". Neno moja, vitu viwili. Kwa hiyo achana na jina la mbele, geuza pakiti utazame jedwali la virutubisho. Protini ikiwa chini ya gramu 1 kwa kila gramu 100, ni wanga. Unga wenyewe unakuwa na gramu 6 hadi 9.

Kisha soma mstari wa mafuta. Gramu 1 hadi 2 ni sembe, kiini kimetolewa. Gramu 3.5 hadi 5 ni dona. Dona inachacha mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini, na ukifungua pakiti ukasikia harufu ya rangi ya ukutani, usiipike. Ukinunua mfuko mkubwa, gawa kwenye mifuko midogo na uweke friza.

Jedwali halitakuambia kama unga umeshapikwa kiwandani. Kuna unga wa mahindi uliopikwa kwanza, unaouzwa sana kwenye maduka ya Amerika ya Kusini, na kuna "masa harina", ambayo mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Zote mbili ni nzuri kwa kazi zake, ila haziendi kama unga mbichi. Jaribio lake ni rahisi: kijiko kimoja cha unga, vijiko vinne vya maji baridi kwenye glasi, koroga, acha dakika tano. Unga mbichi unatua chini na maji yanabaki juu. Uliopikwa unayanywa maji yote na kuwa uji mzito au donge.

Polenta ni mahindi yaleyale, chembe tu ni kubwa. Saga gramu 100 kwa wakati mmoja kwenye mashine ya kusagia kahawa, sekunde 30 hadi 40, pumzisha mashine, chekecha, rudisha yaliyobaki. Usinunue polenta ya kuiva kwa dakika tatu, hiyo imeshapikwa.

Kwa unga wa ngano, Ujerumani utakuta namba 405, 550, 1050, na Ufaransa T45, T55, T65. Watu wengi wanadhani hizo ni nguvu ya unga. Sivyo. Ni kiasi cha majivu yanayobaki unga ukiteketezwa, yaani zinaonyesha ganda kiasi gani limeachwa ndani. Nguvu iko kwenye protini: gramu 8 hadi 9 kwa keki, 10 hadi 11.5 kwa matumizi ya kawaida, 12 na zaidi kwa mkate unaopaswa kuvimba na kushika. Marekani kuna mtego. Jedwali lao linahesabu kwa gramu 30 na kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu, kwa hiyo "protini gramu 3" inaweza kuwa asilimia 8.5 au 11.5. Huko tafuta maneno "cake", "all-purpose" au "bread" badala ya kutegemea jedwali.

TuiZito:

Nachukua la tui. Soma viambato kabla ya kutazama picha. Unachotaka ni nazi na maji, basi. Ukiona E435, E466 au E412, hivyo ni vishikizi, kazi yake ni kuzuia mafuta na maji yasiachane, ili ukifungua kopo ukute tui jeupe, laini, limelingana. Ndiyo maana hata ulichemshe vipi mafuta hayaji juu. Halijaharibika, limetengenezwa lisikatike.

Halafu mafuta. Tui zito la kopo lina gramu 17 hadi 22 kwa kila gramu 100. Lenye neno "light" mara nyingi ni hilohilo limeongezwa maji, na maji unayo bombani, usiyalipie. Kile kinywaji cha nazi cha boksi kinachokaa karibu na maziwa ya soya hakifai kabisa kwa mchuzi, kina gramu moja au mbili. Na "cream of coconut" ina sukari tele, ni ya kutengenezea vinywaji. Isichanganywe na "coconut cream", ambayo ni tui zito lisilo na sukari. Mpangilio wa maneno tu ndio unaotofautiana.

Kwenye nchi za baridi watu wanatupa makopo mazima kwa sababu wamekuta mabonge meupe juu na maji ya kijivu chini. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mabonge ni dalili nzuri. Weka kopo ambalo halijafunguliwa kwenye bakuli la maji ya moto dakika kumi, tikisa, fungua. Kopo la kutupa ni lililovimba.

Kama makopo yote yana vishikizi, tumia nazi kavu iliyokunwa isiyo na sukari. Hapa tena soma mafuta: nazi nzima ina zaidi ya gramu 60 kwa 100. Ikiwa na 40 hivi, ilishakamuliwa, unanunua chicha. Gramu 200 za nazi, mililita 600 za maji ya nyuzi 70, loweka dakika 15, saga kwenye blenda dakika mbili, kamua kwa kitambaa. Hilo ni tui zito. Rudisha chicha na mililita 300 nyingine upate tui jepesi. Maji yasiwe yanatokota, maana mvuke ukifungiwa ndani ya blenda unarusha kifuniko na unaunguza.

Mbegu_na_Majina:

Nyongeza kuhusu majina, kwa sababu bizari yako imepotea hapo.

Ujerumani "Kümmel" ni kisibiti. Bizari nyembamba ni "Kreuzkümmel". Uswidi ni vilevile: "kummin" ni kisibiti, "spiskummin" ndiyo unayoitaka. Jina linafanana na la Kiingereza ndiyo maana kila mgeni anaingia mtegoni. Kwa macho, punje ya kisibiti ni ya kahawia iliyoiva, imepinda kama mwezi mwandamo na mistari yake inaonekana wazi. Ya bizari ni nyepesi rangi, imenyooka zaidi, na ukiisogeza karibu na mwanga utaona vinyweleo na kijiti kidogo nchani. Nunua punje, siyo ya kusaga, ili uweze kuona.

Dawa ya kudumu ni jina la kisayansi. Bizari nyembamba ni Cuminum cyminum, kisibiti ni Carum carvi. Andika jina hilo kwenye Wikipedia, fungua makala, kisha badilisha lugha iwe ya nchi uliyopo: kichwa cha makala ndilo jina la kumwonyesha muuzaji. Njia hii inashinda programu za kutafsiri, ambazo mara nyingi zinapitia Kiingereza na kupotea humohumo.

Mbaazi ni Cajanus cajan. Kwenye maduka ya Wahindi ulizia "toor" au "arhar", kwa Wajamaika "gungo", kwa watu wa Puerto Rico "gandules". Zile za Kihindi zilizopaazwa wakati mwingine zimepakwa mafuta, zioshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu. Choroko ni Vigna radiata, "moong". Kunde ni Vigna unguiculata. Bamia hutapata shida nayo, Waturuki na Waarabu wanaiita karibu hivyohivyo.

Kuwa makini na "callaloo". Jamaika ni mchicha. Trinidad ni majani ya magimbi, na hayo yasipoiva vizuri yanawasha koo kwa sababu ya fuwele za oksalati. Marekani nako, "yam" ya supamaketi kwa kawaida ni kiazi kitamu cha rangi ya chungwa. Kiazi kikuu ni Dioscorea, na mara nyingi utakikuta kwenye maduka ya Waafrika wa Magharibi au ya watu wa Karibi.

Ukitafuta duka kwenye ramani ya simu, usiandike jina la nchi yako. Andika "Asia", "Afro", "Amerika ya Kusini" kwa lugha ya hapo. Dengu, choroko na ukwaju kwa Wahindi. Magimbi na majani ya mgomba kwa Wathai na Wavietinamu. Mihogo kwa watu wa Amerika ya Kusini. Muulize mwenye duka mzigo mbichi unaingia siku gani, uende siku hiyo.

Jiko_la_Mafiga:

Maharage sasa. Chungulia ndani ya birika lako la umeme. Kama kuna ukoko mweupe, maji ya hapo ni magumu, yana kalisi nyingi, na kalisi inakaza ganda la maharage. Watu wanabadilisha maduka matatu kumbe tatizo linatoka bombani.

Loweka saa 8 hadi 12 kwenye maji yenye gramu 15 za chumvi kwa lita. Mwaga, suuza, pika kwa maji mapya na robo kijiko cha chai cha magadi soda kwa lita. Usizidishe, maana yanapata ladha ya sabuni na kupasuka. Nyanya, ukwaju, limau na siki vingoje mpaka maharage yalainike kabisa, kwa kuwa asidi nayo inayakaza. Ukifanya yote hayo na bado hayaivi, basi ni ya zamani, yamekaa ghalani miaka. Ganda lililokunjamana na vumbi jingi chini ya pakiti ndizo dalili.

Chekecheke:

Naomba niongeze kwa msisitizo hapo. Maharage mekundu yasipikwe kamwe kuanzia mabichi kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo. Yana sumu ya asili, lektini, inayovunjika kwa kutokota tu, na moto mdogo hauiondoi. Yachemshe kwanza kwa nguvu angalau dakika 10, na 30 ndiyo salama zaidi, kisha ndipo uhamishe. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida hiyo.

Mwiko_Mrefu:

Asanteni sana, nimeshageuza pakiti zangu zote, na kweli unga una protini gramu 0.3. Imebaki begi. Na mihogo: ninunue mibichi au ya friza?

Mbegu_na_Majina:

Begi: kwa nchi za Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa kutoka nje kwa kawaida haviingii na msafiri, hata kipande kidogo cha nyama iliyokaushwa. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, wakiwa wametolewa utumbo. Matunda na mboga mbichi, tangu 14 Desemba 2019, yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Marekani na Australia, taja kila chakula kwenye fomu au kwa ofisa. Ukitaja wakakikataa, unapoteza chakula tu. Usipotaja wakakikuta, unatozwa faini.

Usibebe unga, ni uzito wa bure. Beba viungo vikavu ulivyozoea mchanganyiko wake, kwenye pakiti ya kiwandani yenye lebo, haijafunguliwa. Mfuko wa nailoni uliofungwa fundo unamlazimisha ofisa akisie. Na pilipili ya kusaga iliyo laini kama uji inahesabiwa kimiminika, ikizidi mililita 100, kwa viwanja vingi vya ndege, iende kwenye begi la chini.

TuiZito:

Mihogo chukua ya friza. Mibichi inaanza kuoza ndani siku mbili tatu baada ya kung'olewa, ndiyo maana ya kusafirishwa inapakwa nta, na nta inaficha ubovu. Ukilazimika kununua mibichi, omba ikatwe ncha mbele yako: nyama iwe nyeupe tupu. Ukiona vijistari vya bluu au kijivu, rudisha. Ya friza itie moja kwa moja kwenye maji yanayotokota yenye chumvi bila kuiyeyusha, sufuria isifunikwe, dakika 20 hadi 30 mpaka uma uingie bila kusukuma. Maji hayo mwaga, usipikie mchuzi. Kisha ipasue katikati na uchomoe ule uzi mgumu kabla ya kutia tui.