Mrejesho: vitabu vya marehemu baba nimeviorodhesha

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza nitumie programu gani kuorodhesha vitabu alivyoniachia marehemu baba hapa Kisumu, maana nilikuwa nikinunua vitabu ambavyo tayari vimo kabatini. Wengi mlinielekeza LibraryThing. Asanteni sana, imenifaa.

Vitabu vipya vilikuwa kazi ya jioni mbili tu. Unaelekeza kamera ya simu kwenye msimbopau nyuma ya jalada. Mwandishi, mchapishaji na mwaka vinajijaza vyenyewe. Kumbe hata tarakimu zinasema kitu: ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu) inayoanza na 978-9966 ni ya mchapishaji wa Kenya, 978-9976 ni ya Tanzania.

Kazi ilikuwa kwenye vile vya zamani. Vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10 badala ya 13, na vingi havina msimbopau, kwa hiyo niliziandika kwa mkono zikakubali. Vya miaka ya 1960 havina namba kabisa, navyo ndivyo baba alivyovithamini kuliko vyote. Hivyo nimevijaza kimoja kimoja, na kwenye sehemu ya maelezo nikanakili maneno aliyoandika kwa kalamu ukurasa wa kwanza: alikonunua, tarehe, aliyekuwa naye siku ile. Hapo nililia kidogo, sifichi.

Orodha naipakua kila Jumapili na kuihifadhi kwenye flashi. Imebaki katoni moja ya vitabu vya Kidholuo, mchwa wameanza kuila pembeni. Naifungua Jumamosi hii.