Ameruka rilei (swichi ya umeme inayolinda spika) kwa waya, halafu anauliza "Unanunua redio au unanunua nyaya?"

Jamani, yule muuza amplifaya za zamani pale mjini. Mnamjua, hana haja ya kutajwa. Leo amevuka mpaka.

Pioneer SX-780, redio yenye amplifaya ndani, mali ya 1978, wati 45 kila upande, uso unang'aa. Kwa bei aliyotaja unapata ng'ombe na ndama wake, na chenji ya kuwasafirisha mpaka Mbarara. Sawa, mali safi ina bei yake. Kufungua kifuniko cha chini: rilei ya kulinda spika imerukwa kwa waya! Waya wa shaba wa kuunganishia taa za nyumba, umechomewa solda kutoka mguu huu hadi ule, kushoto na kulia. Kuulizwa, anajibu mbele ya watu: "Wewe unanunua redio au unanunua nyaya?"

Nyaya! Rilei hiyo ndiyo inayosubiri sekunde chache ukiwasha, inalia tak, ndipo sauti itoke. STK (chipu ya kukuza sauti) ikifa na kumwaga DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, rilei yenyewe inakata spika. Ukiiruka, volti zaidi ya 30 zinaingia kwenye koili ya wufa (spika ya besi) ya omu 8 bila kupumzika. Hizo ni zaidi ya wati 100 za joto tupu, unachoma mahindi. Na hairukwi bure: mara nyingi imegoma kufunga kwa sababu ndani kuna DC. Ugonjwa kauacha palepale.

Unanunua redio au unanunua nyaya. Mbele ya watu!

Solda_Katwe: Mkuu, rilei iliyorukwa haihitaji hata bisibisi. Washa usikilize. Usiposikia tak, na spika zikapiga "dhup" papo hapo, rudisha pesa mfukoni. Kisha chomoa spika, sauti sifuri, subiri dakika tano, weka multimita kwenye milivolti za DC, pima matundu ya spika, nyekundu na nyeusi, kila upande. Chini ya 50 ni salama. Wewe ulibeba hasira, multimita ukaiacha nyumbani.

Mwenye uzi: Multimita ilikuwepo! Kushoto 410. Akasema kifaa changu ni cha Kichina. Halafu ndiyo hayo ya nyaya.

Binti_wa_Jinja: Kinachoudhi ni kwamba wakati mwingine rilei ni nzima, migusano tu, pale vyuma vyake vinapokutana, imeota weusi. Karatasi ngumu iliyoloweshwa spiriti safi, ipitishe katikati mara kadhaa, basi. Msasa usiguse, unakwangua fedha iliyopakwa juu. Ikikataa, weka nyingine yenye volti za koili zilezile. Bei yake ni rolex chache tu, zile chapati za mayai, waya wa nini?

Volti240: Mnalilia rilei? Za kutoka Japani je! Nyuma imeandikwa AC 100V, swichi ya kubadilisha hakuna, mtu yuleyule anakwambia "chomeka tu". Hapa kwetu ni 240! Fyuzi inakatika, wanaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, wakiwasha tena transfoma inaungua, na hiyo huipati popote. Tafuta transfoma ya kushushia hadi 100. Ya 110 inapandisha volti zote za ndani asilimia 10, na kapasita zenye zaidi ya miaka 40 hazivumilii.

Duka_la_Chini: Na nyinyi wanunuzi? Ukimwambia mtu wati 45 anacheka, eti spika yake ya plastiki ni 4500. Hiyo ni PMPO! Ni namba ya kwenye boksi, haipimwi popote.

Solda_Katwe: Duka_la_Chini nyamaza, nyinyi ndio mnapuliza WD-40 kwenye volyumu. Inanyamaza wiki moja, kisha inashika vumbi na mkwaruzo unarudi. Tumia dawa ya migusano ya elektroniki: zima, puliza ndani ya tundu la potenshomita (hiyo hiyo volyumu), zungusha kitufe mwisho hadi mwisho mara 30, acha ikauke.

Duka_la_Chini: Dawa hiyo unalipa wewe?

Mwenye uzi: Tunazungumzia RILEI.

Santuri_Moto: Ssebo, rilei imeshaeleweka. Nani amenunua sindano za santuri "orijino" mwezi huu? Zangu mbili ncha imekaa upande. Ziangalieni kwa kioo cha kukuza kabla hazijalima santuri zenu.

Binti_wa_Jinja: Upande gani, kulia? Hata zangu!