Naomba ushauri: filamu ya ndege za kivita kwa bajeti ndogo, kasoro zipi zinatokana na fedha na zipi na uzembe?

Mwanakikundi_Mwanza ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Mimi na wenzangu tuna kikundi cha filamu hapa Mwanza, na tumemaliza rasimu ya kwanza ya mswada wa filamu ya mapigano inayomhusu rubani wa ndege za kivita katika nchi ya kubuni. Naomba ushauri wenu kabla hatujaanza kupiga picha, kwa sababu fedha tulizonazo hazitoshi kukodi hata ndege ndogo ya abiria kwa siku moja, seuze ndege ya kivita, na sitaki tutoe kazi ambayo mtazamaji ataiacha katikati.

Ili tujifunze, tulikaa tukatazama kwa makini filamu mbili za Kimarekani. Ya kwanza ni Flight of Fury ya mwaka 2007, ambayo mhusika wake mkuu anaigizwa na Steven Seagal. Ilipigwa nchini Romania, kwa soko la Marekani ikatolewa moja kwa moja kwenye DVD bila kupitia majumba ya sinema, na inafuata takriban tukio kwa tukio filamu ya mwaka 1998 iitwayo Black Thunder. Kisa chake ni ndege ya siri inayoibwa na rubani wake na kupelekwa kaskazini mwa Afghanistan, kisha mtu mmoja anatumwa kwenda kuirudisha. Wazo hilo peke yake lingeweza kubeba filamu nzuri. Kinachoiangusha ni kwamba mambo ya angani yameungwa kwa picha za maktaba, yaani zilizokwisha kupigwa na watu wengine kwa kazi nyingine, hata ndege haionekani kuwa na uhusiano wowote na mtu aliyeketi ndani yake. Tunaonyeshwa uso wa rubani, halafu ndege kwa mbali, halafu uso tena, na katika mzunguko wote huo huoni mahali ambapo mkono wake ndio unaoigeuza ndege.

Ya pili ni Iron Eagle ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Sidney J. Furie. Hii haikuwa maskini kwa kiwango hicho. Jeshi la Anga la Marekani lilikataa kusaidia kwa sababu kisa kinamhusu kijana anayeondoka na ndege ya jeshi bila idhini, hivyo watengenezaji wakaenda Israel, wakapata ndege halisi za F-16, na ndege za Kfir za nchi hiyo zikaigiza kuwa MiG, yaani ndege za kivita za Kisovieti, za adui. Picha zake za angani zinapendeza mpaka leo. Hata hivyo, kijana wa miaka 18 na kanali mkongwe wa vita vya Vietnam wanaivamia nchi nzima, na makombora chini ya mabawa yao hayaelekei kwisha.

Swali langu ni hili: katika kasoro za filamu za namna hii, zipi ni za ukosefu wa fedha, ambazo sisi pia hatutaweza kuziepuka, na zipi ni za kutokujali, ambazo tukizirudia hatutakuwa na udhuru?

Fundi_Mabawa amejibu:

Ndugu mleta mada, swali lako limenifurahisha kwa sababu wengi huuliza mahali pa kupata ndege kabla ya kuuliza ndege hiyo itafanya nini. Kazi yangu ni ufundi wa ndege za kiraia, na za kivita ninazifuatilia kwa mapenzi, kwa hiyo nitajibu upande huo tu.

Kasoro kubwa ya filamu hizi hairekebishwi kwa fedha, inarekebishwa kwa kalamu, nayo ni mwandishi kutojua ndege yake inaweza nini na haiwezi nini. Chukua F-117 ya Marekani, ile nyeusi yenye mapande bapa, ambayo filamu za bei nafuu zimeipenda sana. Ina kiti kimoja, haina mzinga, haina rada, haifikii kasi ya sauti, na hubeba mabomu mawili ndani ya tumbo lake. Iliundwa inyemelee usiku, iangushe mabomu yake na kurudi. Ukiipa kazi ya kukimbizana na ndege nyingine mchana kweupe, umeshampoteza mtazamaji yeyote aliyewahi kusoma kurasa mbili juu yake, na umejinyima kisa ambacho ndege yenyewe ingekupa bure.

Nasema bure kwa sababu mwaka 1999, wakati NATO inaishambulia Yugoslavia, ndege moja ya aina hiyo ilidunguliwa kwa kombora la S-125, silaha ambayo asili yake ni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kikosi kilichoidungua kilikuwa na desturi ya kuwasha rada kwa sekunde chache tu na kuhama mara kwa mara ili kisipigwe chenyewe. Hebu tafakari tukio hilo kama mwongozaji. Watu wachache wamebanana ndani ya gari lenye giza, mbele yao kuna kioo cha rada, wanajua wakiiwasha kwa muda mrefu watakufa na wakiizima hawataona kitu. Ndege haionekani hata mara moja, na roho inamdunda kila anayetazama. Tukio hilo unaweza kulipiga ndani ya kontena.

Mfano mwingine ni mzinga wa F-16. Una mitutu sita, hupiga kwa kiwango cha risasi 6,000 kwa dakika, na ndege hubeba risasi zipatazo 500. Piga hesabu: rubani ana sekunde tano hivi za kufyatua kwa safari nzima. Katika filamu dhaifu anafyatua mpaka mtazamaji anachoka, ilhali mwandishi anayejua hesabu hiyo atamwacha rubani wake abaki na sekunde moja, halafu amlazimishe kuchagua aitumie wapi.

Dirisha_la_Mhariri amejibu:

Namuunga mkono Fundi_Mabawa, ila ningependa kuongeza upande wa uhariri, kwa sababu hapo ndipo filamu hizi zinapojifichua.

Kutumia picha za maktaba si dhambi. Picha nyingi zinazopigwa na watumishi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wakiwa kazini ni mali ya umma, unaweza kuzitumia alimradi ufuate masharti yake na usidai kwamba wizara hiyo inaunga mkono kazi yako. Tatizo ni kuandika kisa kwanza, kisha kwenda kuokota vipande vinavyokaribiana nacho. Mhariri anajikuta na ndege yenye mkia mmoja ikiruka, yenye mikia miwili ikipinda kona, na ile ya mkia mmoja ikitua. F-16 ina mkia mmoja uliosimama, F-15 na F/A-18 zina miwili. Mtoto aliyekaa mbele kabisa katika kibanda umiza hajui majina hayo, lakini anaona kwamba ndege imebadilika, na kuanzia hapo haamini tena kwamba kuna mtu hatarini.

Kwa hiyo nakushauri ugeuze utaratibu. Kusanyeni kwanza picha za aina moja tu ya ndege, mzitazame mpaka mzijue kwa moyo, kisha mwandike mambo ya angani kufuatana na mlichonacho. Katika kila kipande andikeni jua liko upande gani, mawingu yakoje, ndege inaelekea kulia au kushoto, na chini ya mabawa kuna makombora mangapi. Ikiwa imeondoka na manne na amefyatua moja, kipande kinachofuata kisionyeshe manne. Kazi hii inachosha na haihitaji fedha, nami sioni sababu ya kuiruka isipokuwa uvivu.

Kumbukeni pia kwamba hata filamu tajiri hudanganya. Top Gun ya mwaka 1986 ilipata msaada kamili wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, lakini ndege za adui zinazoitwa MiG-28 zilikuwa F-5 za Kimarekani zilizopakwa rangi nyeusi, na katika ulimwengu halisi hakuna ndege ya kivita yenye jina hilo. Watazamaji waliikubali kwa sababu ilikuwa ndege ileile, ya rangi ileile, kila ilipotokea.

Mpenzi_wa_Mapigano amejibu:

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Watazamaji wetu hawahesabu mikia wala risasi, wanataka mapigano, na filamu ya ndege isiyokuwa na ndege watasema wameibiwa. Iron Eagle ina makosa yote hayo na bado ilipata muendelezo zaidi ya mmoja.

Dirisha_la_Mhariri amejibu:

Ndugu yangu, Iron Eagle ilipendwa kwa sababu ina F-16 halisi zinazopita chini milimani, na kwa sababu kuna baba aliyekamatwa na mtoto anayetaka kumtoa. Mtazamaji akishapewa hayo mawili atasamehe mengi. Kikundi cha Mwanza hakina la kwanza, hivyo kikilegeza la pili hakitabakiwa na kitu cha kuombea msamaha.

Mwanakikundi_Mwanza ameandika:

Nawashukuru sana. Hoja ya Mpenzi_wa_Mapigano nayo naichukua kwa uzito, kwa kuwa sitaki filamu ya watu wanaokaa chumbani wakizungumza kuhusu ndege mwanzo mpaka mwisho. Tunataka rubani aonekane akiwa kazini. Tunao uwezo wa kuunda chumba cha rubani kwa mbao na plastiki. Je, tufanyeje ili kisionekane kama kiti cha ofisini kilichowekwa mbele ya pazia la kijani, lile ambalo baadaye kompyuta hulijaza picha ya anga?

Fundi_Mabawa amejibu:

Anzeni na mwili wa rubani kabla ya vitufe. Ndege ya kivita inapopinda kona kwa nguvu, rubani anaweza kulemewa mara tisa ya uzito wake, yaani mtu wa kilo 70 anajisikia kama ana kilo 630. Damu inaondoka kichwani na kushuka miguuni, macho yanaanza kupoteza rangi kisha yanaona kama yako ndani ya bomba, na rubani analazimika kukaza miguu na tumbo huku akivuta pumzi fupi za haraka kwa kishindo. Katika filamu dhaifu rubani anapinda kona hiyo huku akitoa hotuba, shingo imenyooka na barakoa ya oksijeni inaning'inia pembeni ili uso wa nyota uonekane vizuri.

Mvalisheni barakoa. Sauti yake isikike kupitia redio, iliyobanwa, ya maneno machache, na pumzi yake iwe ndiyo sauti kuu ya tukio. Mfundisheni mwigizaji kuinamisha kichwa kana kwamba kofia imekuwa jiwe, na mikono yake iwe mizito kufikia vitufe. Macho peke yake yanatosha kuonyesha hofu.

Dirisha_la_Mhariri amejibu:

Na pazia la kijani liacheni kabisa. Funikeni kioo cha mbele kwa kitambaa cheupe chenye mwanga mkali nyuma yake, kisha mtu mmoja aizungushe taa juu ya kichwa cha mwigizaji ili kivuli cha fremu ya kioo kipite usoni pake kila ndege inapogeuka. Kivuli hicho kikienda upande uleule ambao ndege ya maktaba inapinda, mtazamaji atawaunganisha mwenyewe rubani na ndege yake. Hilo ndilo lililokosekana katika ile filamu ya Seagal uliyoieleza.

Mzee_wa_Vibali amejibu:

Vijana wangu, mmeshauriana vizuri, nami naongeza jambo ambalo likisahaulika filamu itaishia njiani. Hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa wala kumiliki sare za Jeshi la Wananchi, na mwaka 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa wote waliokuwa nazo wazirudishe. Kwa kuwa nchi yenu ni ya kubuni, buni pia sare zake, bendera yake na nembo zake, zisifanane na za jeshi letu wala la jirani. Msipige picha karibu na kambi au upande wa kijeshi wa kiwanja cha ndege, hata kama mnachotaka ni uzio tu. Mkitaka kurusha droni ili mpate mandhari ya milima kutoka juu, anzeni na Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema.

Akijitokeza mtu mwenye ndege ndogo na kuwaahidi michezo ya angani kwa bei ya chini, mkataeni kwa heshima. Art Scholl, rubani wa maonyesho aliyekuwa na uzoefu mkubwa, alifariki mwaka 1985 alipokuwa akipiga picha za angani za Top Gun, ndege yake ikaangukia katika Bahari ya Pasifiki karibu na pwani ya California.

Nendeni Bodi ya Filamu mkiwa na mswada uliokwisha kurekebishwa, pamoja na michoro ya hizo sare mtakazobuni, ili swali la jeshi liulizwe na kujibiwa mezani kabla hamjashona hata moja.