Nimepata nafasi London kusomea ubongo na kompyuta, ila nakwama. Naombeni ushauri

MwanaChumbageni: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Tanga. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili, fani inayounganisha akili mnemba na nadharia ya ubongo. Ada wanalipa nusu. Niende au nibaki na ajira? Usingizi sipati.

MkongeMkavu: Ajira ya serikali usiiache mkuu. Shemeji yangu aliacha ualimu akafuge kuku Pongwe, kikapita kideri, banda likabaki manyoya. Leo anaendesha bodaboda ya mtu.

MamaBarabaraYaNane: Mwanangu, nusu nyingine inatoka wapi?

MwanaChumbageni: Familia inanisaidia.

MamaBarabaraYaNane: Inakusaidiaje? Sema.

MwanaChumbageni: Shikamoo mama. Baba mdogo kauza kishamba cha michungwa Muheza, wengine wamechanga. Mdogo wangu ana kifafa, wanajua naenda kusoma udaktari nije nimtibu. Mimi sikuwaambia hivyo, walijielewea wenyewe, nami sikukanusha. Na si uongo mtupu: kifafa ni seli za ubongo kurusha umeme kwa pamoja kupita kiasi, na hesabu za fani hii hutumika pia kulichunguza.

MkongeMkavu: Kumbe shamba limeshauzwa! Sasa unatuuliza nini?

Sharifu_T: Marahaba umeitikiwa na nani hapo? Hiyo ni dhuluma, kijana. Dogo anataka dawa na kliniki, hataki hesabu. Muogope Mungu.

FundiRedio: Mimi naona chai, tena sukari imezidi. Mgonjwa, shamba, London, vyote uzi mmoja. Kama kweli, Hopfield, yule mwanafizikia, alifanya nini 1982?

MwanaChumbageni: Alionyesha mtandao wa seli za kubuni, kila moja inawaka au inazima, zote zimeunganishwa. Ukiufundisha picha kisha ukaupa hiyo picha ikiwa imechafuka, seli zinageuka mojamoja, nishati ya mtandao inashuka, mpaka unatulia kwenye picha safi. Ila una kikomo: kwa picha za kubahatisha, seli 1,000 hubeba kama 140 tu, ukizidisha zinavurugana. Nobel ya fizikia ya 2024 alipewa yeye na Hinton, mtafiti wa akili mnemba.

FundiRedio: Hayo hata simu inakuandikia. Wewe unaenda kutafuta nini?

MwanaChumbageni: Mwaka 1986 Rumelhart, Hinton na Williams walieneza njia ya kufundisha mitandao ya seli za kubuni kwa kurudisha kosa la jibu nyuma, tabaka moja la seli hadi jingine. 1989 Crick, yule wa DNA, akasema ubongo hauelekei kufanya hivyo. Kosa lirudije nyuma kwa nguvu ileile ya viunganishi vya seli vilivyopeleka ishara mbele, wakati ishara ya neva hupita upande mmoja? Basi ubongo unajuaje kiunganishi kipi kilikosea? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, hata kabla ya barua ya chuo.

FundiRedio: Haya, chai nimeirudisha jikoni. Nusu kikombe.

MkongeMkavu: Mimi nilipotelea kwenye zile picha 140.

MamaBarabaraYaNane: Marahaba, mwanangu, nilikuwa jikoni. Huyo mdogo wako dawa anakunywa?

MwanaChumbageni: Anakunywa mama, zikipatikana. Nyumbani nitawaeleza nikishafika. Hivi wadau, majibu ya viza ya Uingereza huchukua muda gani?

MkongeMkavu: Nikishafika!