Tupeane uzoefu: makaratasi na chanjo za kusafiri na mbwa nje ya nchi

Kipanga
Wadau, aliyewahi kuvuka mpaka na mbwa aseme alichokutana nacho. Naanza mimi. Tulikuwa tunakwenda Ufaransa na mbwa wangu, Bosi. Kadi yake imejaa mihuri, chanjo ya kichaa cha mbwa anayo, ila daktari alimchanja kwanza, chipu (kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) akamwekea baadaye. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, maana hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu. Akachomwa upya, tukaanza kuhesabu siku 21 za kusubiri kabla ya kusafiri. Siku hizi kabla ya sindano yoyote naomba mashine ipitishwe shingoni mwa Bosi, namba ya tarakimu 15 isomeke, ndipo iandikwe.

Nyota_Njema
Kuna wasioishia kwenye siku 21. Nchi tuliyotoka haimo kwenye orodha ya Ulaya ya nchi zisizodaiwa kipimo, kwa hiyo tulidaiwa pia kipimo cha damu kuonyesha chanjo imejenga kinga. Damu hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, ikapimwa kwenye maabara wanayoitambua wao, na majibu yasipungue 0.5 IU (kizio cha kimataifa cha kupimia kinga) kwa mililita. Kisha ni kusubiri miezi 3. Shikeni hapa: inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipotoka. Wakala wetu alihesabu kutoka kwenye majibu, karibu tuahirishe safari bure. Na msiache chanjo ipitwe na muda, kipimo kitarudiwa.

Mama Pendo
Nyota, na anayeishi Ulaya akitaka kumtembeza mbwa nchi kama hizo, apime damu kabla ya kuondoka. Kikishaandikwa kwenye pasipoti ya mbwa, ile miezi 3 haimhusu wakati wa kurudi.

Kwetu balaa lilikuwa minyoo. Kuingia Uingereza, mbwa wetu alitakiwa apewe dawa ya minyoo tegu yenye praziquantel, kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika, na daktari aandike tarehe na saa. Wa kwetu aliandika tarehe tu. Bandarini mhudumu akaweka kidole kwenye ile nafasi tupu, akageuza ukurasa, akarudi palepale. Hatukupanda. Tukakimbilia kliniki kabla haijafungwa, daktari akajaza saa, akagonga muhuri pembeni, tukaondoka na feri ya jioni. Jamani, someni kila nafasi mkiwa bado mbele ya daktari!

Mkaa_Mbali
Japani ni siku 180 baada ya damu kutolewa, na taarifa ya ujio wa mbwa ipelekwe kwa mamlaka zao angalau siku 40 kabla ya kufika. Ukiwahi, mbwa anabaki karantini hadi siku zitimie. Nilimwona mmoja akichukuliwa hivyo, mwenyewe analia. Heri kuchelewa tiketi.

Kipanga
Mkaa, pole kwa kuona hayo. Cheti cha afya cha kuingia Ulaya kilitubana sisi: kisainiwe ndani ya siku 10 kabla ya kufika, na daktari wa serikali akithibitishe. Wekeni miadi naye mapema.

Mama Pendo
Na kizimba mpeni azoee nyumbani, alale humo mlango ukiwa wazi. Dawa ya usingizi mashirika mengi ya ndege hayaitaki, inaweza kumwathiri pumzi na mapigo ya moyo angani. Kuna aliyesafiri na mbwa wa pua fupi? Dada yangu ana pug, kila shirika linamkatalia.