Mambo Mbotela: sauti yake ilikukuta wapi? Tupeane

Mtoto wa Ngara: Jamani tangu mtangazaji wetu wa redio Leonard Mambo Mbotela atuache Februari 7, 2025 sijazoea. Juzi niko kwa matatu, jamaa anaongea na simu kwa nguvu, mambo ya bibi yake yote tumeyajua, mzee mmoja huko nyuma akauliza tu, "Je, huu ni ungwana?" Gari zima kicheko mpaka konda. Hebu tupeane, nyinyi alikuwa anawakuta wapi?

Bi Kisauni: Huyo mtoto wa Freretown, Mombasa, wetu kabisa. Poleni nyote.

Kaka Spana: Ile programu yake ya redio, "Je, Huu ni Ungwana?", ilianza 1966, mimi nimezaliwa nikaikuta, watoto wangu pia. Mgeni akitokea saa ya ugali mamangu alikuwa anaguna tu, sisi tushajua amesema nini.

Shosho wa Mapacha: mpaka leo 😂

Wakili Bila Kesi: Mnalia sana lakini ndiye alitangaza mapinduzi 82, na kwa Moi akawa kwa kikosi cha habari cha rais. Tuseme yote.

Kaka Spana: Alichukuliwa kwake na wanajeshi wana bunduki. Wewe ungesoma ama ungeleta sheria?

Wakili Bila Kesi: Sijasema alipenda!

Mama Jogoo: Ngojeni, mmenikumbusha. Agosti 1, 1982, Jumapili, tunakaa Eastlands chumba kimoja, baba amewasha redio apate habari, ni muziki wa kijeshi tu, alafu sauti ikaingia, serikali imepinduliwa, polisi wajihesabu raia. Baba akasema huyu ni Mbotela lakini leo hachezi. Mimi mtoto nangoja mambo ya ungwana nikaanza kucheka, nikala kofi moja hilo, sikio la kushoto linalikumbuka mpaka leo. Risasi zikaanza kulia upande wa tao, tukaingia wote chini ya kitanda, chai imeachwa kwa jiko inachemka mpaka ikakauka sufuria ikaungua. Mjomba naye akachomoka kwenda tao kwa sababu amesikia watu wanavunja maduka. Karudi anahema, koti limevimba, kutoa ni viatu vitatu vya ngozi safi kabisa, vyote vya mguu wa kulia! Alizoa vya dirishani. Mama na hofu yote ile akamtazama juu mpaka chini: "Je, huu ni ungwana?" Tulicheka huku tunalia. Waasi wenyewe walitimuliwa VoK, redio ya taifa, siku hiyohiyo.

Bi Kisauni: Wooi! Viatu viliishia wapi?

Mama Jogoo: Kimoja kilizuia mlango mpaka tukahama.

Mitumba Boy: Uongo, dirishani tunaweka vya kushoto. Nimeuza viatu Gikomba mimi.

Shosho wa Mapacha: 82 ulikuwa umezaliwa?

Mitumba Boy: Kiatu ni kiatu mama.

Msikilizaji Doha: Nina kaseti baba alirekodi Mbotela, zimeshika ukungu. Nifanyeje, huku nalia peke yangu?

Mitumba Boy: Weka kwa mchele.

Kaka Spana: Mchele hata simu iliyoanguka kwa maji hausaidii! Usiizungushe wala kuicheza kabla hujaifungua ukapangusa ukungu.

Wakili Bila Kesi: Usiifungue kabisa. Ukija likizo peleka kwa fundi River Road.

Bi Kisauni: Huko nilipeleka taarab ya harusi yangu, nikarudishiwa mahubiri.